Nilitaka Bahari, Nikamnyima Mama Mkwe Mwanawe

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema usije ukaanza kunihurumia katikati ya habari, ukafikiri kuna mtu alinidanganya au kunilazimisha. Hakuna! Nilikuwa na akili zangu timamu na miwani yangu puani.

Nilimficha mume wangu kwamba mama yake anaumwa. Nilimficha kwa sababu nilikuwa na wageni. Na wageni wenyewe walikuwa wanakuja kuangalia nyumba yangu iliyo karibu na bahari. Basi! Sababu yote ni hiyo. Ukitafuta nyingine hutaipata, mimi mwenyewe nimeitafuta sana.

Sasa kaa nikueleze.

Mimi ni Mnyaturu wa Issuna. Nilikuwa sekretari katika ofisi moja pale Singida Mjini mpaka nikastaafu. Mume wangu, Baba Eliya, ni Mnyiramba wa Kinyangiri, alikuwa dereva wa gari la serikali. Mtu mpole, wa maneno machache. Wakubwa walimpenda kwa sababu ungeweza kwenda naye mpaka Mwanza na kurudi bila yeye kuchangia neno kwenye umbea wenu. Mtoto tunaye mmoja, Eliya, anaishi huko huko Mwanza na familia yake.

Mimi na upole wapi na wapi! Mdomo wangu ulijulikana ofisi nzima. Nilikuwa na neno la kumkebehi kila mtu, watu wakicheka nadhani wananipenda. Mjinga mimi. Walikuwa wanacheka ili zamu yao isifike.

Na kitu nilichokikebehi kuliko vyote ni Singida yenyewe. Upepo ule! Unafua asubuhi, mchana nguo ina rangi ya barabara. Mawe kila mahali kama vile Mungu alikuwa anajenga akaishiwa saruji. Halafu kuku, alizeti, mlenda. Kesho tena kuku, alizeti, mlenda. Nikiwa msichana nilipelekwa kwenye semina katika mji mmoja mdogo wa pwani, mkoa wa Tanga. Siku chache tu. Nikala samaki wa nazi, nikavua viatu nikatembea kwenye mchanga, nikarudi na kiburi ambacho hakikuisha mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kisha Stella akaja kumalizia. Stella tulifanya naye kazi, akastaafu kabla yangu, akahamia mji ule ule. Kila Jumapili picha kwenye simu. Stella na dafu. Stella na pweza. Stella kwenye kiti cha plastiki, bahari nyuma yake, kofia pana kama ungo. Chini ameandika: "Maisha ndiyo haya, wengine wanakula vumbi." Na mimi mla vumbi, wivu ukanipanda mpaka nikakosa usingizi.

Tulipokaribia kupata mafao yetu, Baba Eliya alinieleza alichokuwa anakitaka. Alinieleza mara moja tu.

"Mama Eliya, mimi nafikiri turudi Kinyangiri. Mama amezeeka. Tujenge karibu na kwake, niwe na ng'ombe wangu wachache."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Kinyangiri! Nimepiga chapa miaka yote hiyo ili nikamalizie uzee nafukuza mbuzi kwenye mtama? Nenda wewe, ukaoe ng'ombe zako!"

Hakujibu. Nikasema moyoni, amekubali pwani.

Tukauza nyumba yetu, ile tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mishahara yetu, si mbali na Ziwa Kindai, tukanunua nyingine pwani, mji ule ule wa Stella. Akauza na ng'ombe waliokuwa wakitunzwa na mdogo wake, Zakayo. Hilo nalo nilihimiza mimi. Nilimwambia ng'ombe hawapandi basi.

Siku ya kuaga tulimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni. Macho yalikuwa yamekwisha, masikio bado mazima. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," akaitikia, akanishika mikono kwa muda mrefu. Alikuwa ametuandalia mfuko wa mlenda mkavu.

"Huko baharini mna nani?" akauliza.

"Tuna bahari, mama," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Ule mlenda sikuufikisha popote. Nilimpa mama muuza chai pale stendi ya Singida. Sikutaka kufika pwani nikinuka ushamba. Baba Eliya aliniona, akageuza uso dirishani.

Nisiseme uongo, pwani ina mazuri yake. Magoti yangu, yaliyokuwa yakinitesa kila baridi ya Juni ikiingia Singida, yalitulia kabisa. Samaki wanaletwa mlangoni bado wanameta. Jioni upepo wa bahari unaingia ndani kama mgeni mwenye adabu, haumwagi vumbi kwenye chakula cha mtu. Na majirani! Bi Mwanahawa, mjane wa nyumba ya pili, siku tuliyofika alituletea vitumbua kabla hata hajajua majina yetu. Ramadhani ilipoingia alituletea futari, na anajua fika kwamba sisi ni watu wa kanisani.

Lakini kuna mambo ambayo kwenye picha za Stella hayakuwepo. Jasho! Unatoka kuoga, unaanza kulowa upya kabla hujashika taulo. Chumvi ilikula bati, ikala bawaba za milango, ikala televisheni. Maji ya kisima chetu hayakutaka kutoa povu hata umalize mche mzima wa sabuni. Kanisa lilikuwa mbali, na nikifika wananipokea vizuri, lakini hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani.

Na lugha yetu ya bara ilinitia aibu. Siku moja nimesimama kwa muuza samaki nikasema, "Nataka changu wawili." Akanitazama kwa utulivu. "Wataka, bibie, au waomba?" Watu wakacheka. Mimi niliyezoea kucheka watu, nikachekwa, na sikujua niweke wapi uso. Tangu siku ile nikaanza kusema watu wa pwani ni wavivu, kazi yao kukaa barazani. Mimi nikiyasema hayo nimekaa wapi? Barazani!

Stella mwenyewe hakumaliza mwaka tangu tufike. Akafunga mizigo, akaenda kwa binti yake Arusha. Nilipomsindikiza nikamwambia, "Si ulisema maisha ndiyo haya?"

Akanijibu bila haya yoyote: "Dada, nilikuwa mpweke. Nilitaka mtu wa kuongea naye."

Umesikia? Mimi nimeuza nyumba, mume wangu ameuza ng'ombe, kwa sababu Stella alikuwa hana wa kupiga naye soga! Mtu mwenye akili hapo angefunga mizigo yake pia. Mimi nilifanya nini? Nilinunua kofia pana. Nikapiga picha na dafu, nikawatumia watu wa Singida.

Baba Eliya alikuwa anakaa barazani, lakini kiti chake alikigeuza. Bahari iko mashariki, yeye anaangalia barabara. Gari likipita analifuata kwa macho mpaka linapotea. Alikonda. Nikamwambia anakonda kwa sababu hali samaki wa kutosha.

Halafu siku moja alitembea hadi nje ya mji, kupita mashamba ya minazi, akamkuta mzee mmoja mfugaji, mtu wa bara kama sisi. Kuanzia hapo kila asubuhi yuko huko. Anachunga naye, anamshikia mbuzi akiwapa dawa, anarudi jioni suruali imejaa miiba, ananuka beberu, na anapiga mluzi. Mluzi! Sikuwa nimeusikia tangu tuhame.

Unafikiri nilifurahi? Niliona aibu. Dereva mstaafu wa serikali anachunga mbuzi wa watu, tena bure! Nilimwambia aingilie mlango wa nyuma. Akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Sasa ndipo nifike kwenye kosa lenyewe.

Wenzangu wa ofisini walikuwa na harusi Tanga, wakaniambia watapita Jumamosi kuniona. Nilihangaika kama nangoja waziri. Nikaazima vyombo kwa Bi Mwanahawa, nikatundika mapazia mapya, nikaagiza kamba na samaki wakubwa. Niliwataka warudi Singida wakiwa wagonjwa wa wivu.

Ijumaa Baba Eliya akaenda kwa mfugaji wake. Simu aliiacha mezani inachaji, kwa sababu kule hakuna mtandao. Ikalia. Nikapokea.

"Shikamoo shemeji," alikuwa Zakayo. "Kaka yupo?"

"Marahaba. Ametoka."

"Shemeji, mama amezidiwa. Tangu jana hali kitu. Anamwita kaka kwa jina. Mwambie aje, leo hii akiweza."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikaweka simu chini. Nikaangalia mapazia. Nikapiga hesabu za mtu mwovu: nikimwambia sasa, ataondoka leo leo, na mimi nitalazimika kwenda naye, au nibaki niwaambie wageni kwamba mume ameniachia nyumba. Na kamba wameshanunuliwa! Nikajiambia wazee wa Kinyangiri huzidiwa kila mara, kisha wanaamka wanaomba uji. Nikajiambia nitamwambia Jumatatu.

Nikaifuta ile simu asiione kwenye orodha. Ndiyo. Kwa kidole hiki hiki.

Zakayo akapiga tena Jumamosi asubuhi. Nikaikata, nikaizima kabisa. Baba Eliya alipouliza, nikamwambia chaja imeharibika.

Wageni wakaja. Wakala, wakasifu, wakapigwa picha. Nilikuwa juu kama bendera. Alasiri, katikati ya vicheko, Baba Eliya akarudi. Alisahau kupita nyuma, au labda alitaka tu kuwasalimia watu wa kwao. Akasimama mlangoni na suruali yake ya miiba, anatabasamu.

Mdomo wangu ukafunguka. "Jamani msishangae," nikasema, "mimi nimehamia huku na mume, yeye amehamia na zizi!"

Walicheka. Wote. Naye akacheka kidogo, akaenda uani, akaoga, akarudi na birika na beseni, akawanawisha wageni wangu mikono mmoja baada ya mwingine.

Jumapili, wageni wameshaondoka, aliwasha simu mwenyewe. Haikuchukua muda ikalia. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia anasema, "Zakayo... Zakayo, ongea taratibu." Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, sakafuni, mtu mzima yule.

"Mama amefariki," akasema. "Mbona hawakuniambia kama anaumwa?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaenda kumchotea maji ya kunywa.

Tulisafiri pamoja. Ndani ya basi, kutoka Tanga mpaka Singida, mume wangu aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinisimulia alivyokuwa akipita Kinyangiri na gari la kazi, na mama yake akilitambua gari kwa mlio kabla halijakata kona, anaanza kuwasha moto wa chai. Tulipopita Dodoma alinishika mkono. "Asante kwa kunisindikiza, Mama Eliya. Najua hupapendi kwetu."

Nikasema, "Si kitu." Nilisema si kitu!

Msibani walikuwa wanatusubiri ili wazike. Zakayo akaja kumpokea kaka yake, wakalia. Kisha Zakayo akasema, mbele ya wazee, mbele ya wanawake waliokuwa jikoni, "Kaka, tulikusubiri tangu Ijumaa. Kila gari lililopita barabarani, mama alisema, huyo ni yeye, fungueni mlango. Tukawa tunafungua. Nilimwambia shemeji, nikapiga tena Jumamosi, ikakatwa. Ulikwama wapi?"

Baba Eliya akageuka akanitazama.

"Ulijua?"

"Nilitaka kukwambia Jumatatu," nikasema.

Sauti ya masufuria ilikoma. Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru kama wangenitukana.

Tulizika, siku za matanga zikaisha. Yeye alikuwa anaongea nami kwa adabu, kama mtu anavyoongea na karani dirishani. Asubuhi ya kuondoka akaniuliza, "Utapanda gari gani?"

"Tutapanda," nikamrekebisha. "Sema tutapanda."

"Mimi nimefika, Mama Eliya."

Ni hayo tu. Hakupaza sauti wala hakunikumbusha ng'ombe zake, wala ule mlenda, wala zizi. Amefika.

Na mimi unadhani nilipiga magoti? Nilipanda basi! Nilijiambia atachoka na upweke, atanifuata. Huko pwani nikawaambia majirani kwamba mzee amebaki kushughulikia mirathi. Mirathi gani? Kigoda na kuku!

Bi Mwanahawa alikuja kunipa pole, akanisikiliza nikidanganya, kisha akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, mie si mtoto. Siku ya wageni wako nilikuwa uani kwangu, nilisikia ulivyomwambia yule baba. Nikamwona amesimama na lile birika, anajifuta macho kwa mkono wa shati kabla hajaingia ndani. Akirudi, mtunze. Asiporudi, usiulize kwa nini."

Nilimkasirikia. Sikumsalimia kwa muda mrefu. Jirani pekee aliyekuwa ananipenda!

Mvua za masika zikaja, nikaugua homa. Nililala siku kadhaa nikiangalia dari lenye kutu. Aliyeniletea uji ni huyo huyo Bi Mwanahawa, bila kinyongo. Eliya alipiga simu, akauliza swali moja: "Mama, kwa nini hukumwambia baba?" Nikalia. Akasubiri nimalize kulia, akaniaga. Siku hizi anapiga sikukuu kwa sikukuu.

Nyumba nikaiuza. Walikuja wastaafu wawili kutoka Iringa, mke na mume. Mke anaongea bila kupumua, anaonyesha atakapoweka viti vya kuangalia bahari. Mume amesimama nje, anaangalia barabara. Nilimwona! Nilimjua kabisa yule mwanaume! Nilisema neno? Nilisema kisima kina maji mengi. Sikusema ni ya chumvi. Nikachukua changu nikaondoka. Hilo nalo ni kosa, niongezeeni.

Leo napanga chumba na sebule Singida Mjini. Siku moja sokoni, nanunua vitunguu, mmoja wa wale wageni wangu akaniona. "Aah, mama wa bahari! Umerudi kula vumbi na sisi?" Akacheka, na waliokuwa naye wakacheka. Nilistahili. Kile kicheko nilikifundisha mimi.

Niliwahi kwenda Kinyangiri kumwona. Nilifunga kitenge kizuri, nikabeba sukari na majani ya chai. Amejenga nyumba ndogo ya tofali za kuchoma, ana ng'ombe wawili na ndama, amenenepa. Aliponiona alinyanyuka haraka. "Karibu, karibu sana." Akanitolea kiti kizuri. Akamwita mke wa Zakayo aniletee maji ya kunywa.

Nikaomba msamaha. Nilipiga magoti pale uani, huku kuku wakipita. Akaniinua mwenyewe kwa mikono yake.

"Nimeshakusamehe zamani," akasema. "Sikukasirikii."

Nikajua sasa nitabaki.

Kisha nikamwona anakwenda kumkamata jogoo.

Wewe unajua jogoo anachinjiwa nani. Mwenye nyumba hachinjiwi jogoo. Mke aliyerudi kwake anaambiwa maharage yako wapi, aanze kuchambua. Niliposimama kwenda jikoni kusaidia, alinizuia kwa upole. "Kaa, kaa. Usijisumbue, umetoka mbali." Nikalishwa paja na firigisi. Nikatandikiwa kitanda cha wageni, shuka jipya. Asubuhi akanibebea mfuko mpaka barabarani, akasimamisha gari, akampa dereva maelekezo anishushe vizuri.

"Wasalimie huko," akaniambia.

Huko wapi? Kwa nani? Gari likaondoka, naye akapunga mkono kama tunavyowapungia watu wema waliokuja kututembelea.

Basi ninyi mnaokaribia kustaafu, mnaohesabu miezi na kuangalia picha za watu wenye kofia, sikilizeni mpumbavu anasema. Pwani haina kosa. Ina joto na kutu, na ina watu wema kuliko mimi. Kama wote wawili mnaipenda, nendeni, mtafurahi, na magoti yenu yatapona. Lakini kama unakwenda ili wa nyumbani wakuonee wivu, kaa ulipo, nunua kiti cha plastiki, jipige picha kando ya Ziwa Singidani. Hakuna atakayejua tofauti.

Na wewe mama unayesoma hapa unasema, "Aah, wangu hana shida, ameshakubali." Amekubali, au amenyamaza? Kamuulize leo. Ukishamuuliza, funga huo mdomo, ungoje jibu lake, hata likichelewa.